Wimbo Huu Kaimbiwa Nani?

*Wazungu wana riwaya ambamo Elvis Presley na Mozart wanachunguza mauaji. Mombasa, mji ambao waimbaji wake wamebeba siri za kila nyumba, bado haina mpelelezi wake mwenye udi.*

Baada ya swala ya alasiri, baraza za Kibokoni huanza kujaa. Wazee hukaa kwenye viti vya mawe vilivyoshikana na kuta, muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe vyake, na simu ya mmoja wao huegemezwa mlangoni ikicheza wimbo wa Juma Bhalo. Zamani ilikuwa redio ya kaseti. Mazungumzo ni yale yale. Wimbo ukifika ubeti wa pili, hakosi wa kuuliza: "Sheikh, huu kaimbiwa nani?"

Hapo kahawa husahauliwa. Mmoja atataja mfanyabiashara fulani wa Marikiti. Wa pili atapinga: wimbo ulitoka kabla ya harusi hiyo, vipi uwe wake? Wa tatu atakumbusha ni nani aliyesimama kutuza usiku ule, na ni kwenye mstari upi. Atatajwa mama mmoja aliyeondoka ukumbini kabla wimbo haujesha. Miaka itapangwa, undugu utafuatwa hadi kwa mababu, mashahidi waliokwisha kuzikwa wataitwa kwa majina.

Kwa muda wa nusu saa baraza inageuka ofisi ya upelelezi. Hakuna anayeandika kitu, na jina likishapatikana hutamkwa kwa sauti ya chini.

Hicho ndicho kiini cha makala haya. Duniani kuna aina ya riwaya za mauaji ambamo mpelelezi si askari wala wakili, ni mwanamuziki mashuhuri. Ukiutafuta mji wa Waswahili ulio tayari kabisa kwa riwaya ya namna hiyo, kidole kitaangukia Mji wa Kale, Mombasa. Na ukienda maktaba kuitafuta riwaya yenyewe, hutaikuta.

Elvis, Mozart na mwimbaji wa Texas

Wa mbali wameshaijaribu njia hii, na wengine wameijaribu kwa kicheko. Daniel Klein, Mmarekani anayejulikana zaidi kwa vitabu vya falsafa vyenye mzaha, alitoa riwaya 4 kati ya 2000 na 2004 ambamo mpelelezi ni Elvis Presley, mwimbaji aliyefariki Memphis mwaka 1977. Katika ya kwanza, *Kill Me Tender*, wanaokufa ni wasichana wanaoongoza vilabu vya mashabiki wake. Polisi hawaoni kinachoziunganisha maiti hizo. Elvis anakiona, kwa sababu kinachoziunganisha ni yeye mwenyewe.

Uingereza, Robert Barnard alijificha nyuma ya jina la Bernard Bastable akaandika *Dead, Mr Mozart* mwaka 1995. Humo Mozart hakufa kijana kama historia inavyosema. Ameishi, amezeeka, yuko London akihangaika na wakuu wasiomlipa, huku maiti zikimwangukia miguuni.

Kisha kuna Kinky Friedman, aliyefariki 2024. Huyu hakuhitaji kuazima mwanamuziki wa mtu. Alikuwa mwimbaji wa Texas mwenye bendi yake, na kuanzia riwaya ya *Greenwich Killing Time* ya mwaka 1986 akajitia mwenyewe vitabuni kwa jina lake, akitafuta wauaji katika mitaa ya New York.

Kwa nini mwanamuziki? Hufunguliwa milango ambayo askari hafunguliwi: leo yuko kwa waziri, kesho yuko kwa mvuvi, na kote huingilia jikoni akatokea sebuleni. Tena sikio lake limezoea kunasa sauti iliyotoka nje ya wenzake. Na msomaji anakuja akiwa tayari anampenda, kwa hiyo mwandishi ameokolewa kurasa 50 za kumjenga shujaa.

Kiko kilivuka, fidla ikabaki

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa Unguja. Muhammed Said Abdulla, mhariri wa magazeti, alishinda mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya 1957-58 kwa hadithi ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hana cheo wala sare. Ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana akili inayotulia pale ambapo watu wengine wameshaanza kutaja majini. Zikafuata *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri*, *Mwana wa Yungi Hulewa* na nyingine.

Wahakiki wamesema kwa miaka mingi kwamba Bwana Msa ana damu ya Sherlock Holmes. Ni kweli, na kiko kinamshuhudia. Lakini Holmes alikuwa na vitu viwili vya kumsaidia kufikiri: kiko na fidla. Kiko kilivuka bahari. Fidla ilibaki London. Ajabu yake ni kwamba Bwana Msa alizaliwa kisiwani ambako fidla zilikuwa tele. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kikongwe cha taarab cha Unguja, kilianzishwa 1905, nusu karne na zaidi kabla ya Msa kuwasha kiko chake cha kwanza.

> Holmes alikuwa na kiko na fidla. Kiko kilivuka bahari. Fidla ilibaki London.

Waliomfuata Abdulla walikwenda mbali zaidi na muziki. Faraji Katalambulla alitupa Inspekta Wingo katika *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Elvis Musiba, jina lake tu ndilo la mwanamuziki, alitupa jasusi Willy Gamba. Ben Mtobwa alitupa Joram Kiango. Wote hao ni watu wa bastola, ndege na hoteli. Muziki ukitokea, ni wa kuchezea dansi na kumsubiria adui.

Mombasa nayo ina kisa chake. Huu ni mji wa shairi. Muyaka bin Haji alikuwa akijibizana kwa beti hapa katika karne ya 19. Ahmad Nassir alichapisha *Malenga wa Mvita* mwaka 1971, na nduguye Abdilatif Abdalla akatoa *Sauti ya Dhiki* mwaka 1973, mashairi aliyoyatunga gerezani. Mtu wa Mvita akitaka kusema jambo zito, hulifunga kwa vina. Riwaya ilikuja kwake baadaye, na hata alipoipata aliitumia kwa mambo mengine. Khadija Abdalla Bajaber, mzaliwa wa Mombasa, ameandika *The House of Rust*, riwaya ya Mji wa Kale iliyotoka 2021 na kushinda tuzo nje ya nchi. Ni ya msichana anayeingia baharini kumtafuta babake, akiwa na paka mwenye kusema. Kuna upelelezi fulani ndani yake, ila ni kwa Kiingereza na mpelelezi hapigi ala yoyote.

Aliyekaribia zaidi kwa upande wa Kenya ni Mukoma wa Ngugi. Baada ya riwaya za polisi kama *Nairobi Heat*, alitoa *Unbury Our Dead with Song* mwaka 2021, ambamo mwandishi wa habari anawafuatilia wanamuziki wa Ethiopia wanaoshindana Nairobi. Nayo pia ni ya Kiingereza, na anayechunguza ni mwandishi. Wanamuziki ndio wanaochunguzwa.

Anayesimama kutuza amejitaja

Sasa tuitazame taarab ya Mombasa kwa jicho la mtu anayetafuta ushahidi.

Wimbo wa harusi wa enzi zile ulikuwa na watu watatu au wanne nyuma yake. Wa kwanza ni mwenye jambo: ameachwa, amesalitiwa, amedhulumiwa mirathi, au ana hasidi jirani. Huyu humwendea mtunzi na kumweleza kisa, mara nyingi bila kutaja majina. Mtunzi hukifunga kisa ndani ya mafumbo: njiwa aliyepotea, pete iliyodondoka, mti uliopandwa na mwingine ukavunwa na mwingine. Kisha shairi hufika kwa mwimbaji, naye huliimba mbele ya mamia ya watu, wakiwemo wale wanaosemwa.

Juma Bhalo, aliyezaliwa 1942, aliimba mashairi mengi ya binamu yake Ahmad Nassir, akiyavisha mahadhi ya filamu za Kihindi. Sauti ilikuwa ya mmoja, maneno ya mwingine, na maumivu ya mtu wa tatu aliyekaa kimya katikati ya hadhira.

Na hapo ndipo penye dhahabu ya mwandishi wa riwaya. Kwenye taarab mtu akiguswa na mstari huinuka, hutembea hadi jukwaani na noti mkononi, humtuza mwimbaji, hurudi kukaa. Ukumbi mzima unamtazama. Kwa nini ameinuka kwenye mstari huu, asiinuke kwenye uliopita? Alipokuwa akirudi alimwangalia nani? Na yule aliyeinamisha kichwa wakati kila mtu anashangilia, ana nini?

> Mwimbaji anakaa pale ambapo hakuna mwingine anayekaa: mbele ya nyuso zote, akijua maneno yanayofuata kabla hayajatoka.

Fikiria nafasi ya mwimbaji usiku huo. Yeye peke yake ametazamana na nyuso zote. Anajua ubeti wa nne una nini, kwa hiyo anaweza kuangalia ni nani atakayebadilika rangi ukifika. Akitaka, atarudia mstari mara tatu na kumkazia macho mtu. Holmes alihitaji kioo cha kukuzia. Mwimbaji wa Mvita anahitaji kurudia kiitikio tu.

Tazama pia ala. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufia Mombasa mwaka 2016, alikuwa fundi wa udi anayetajwa kote Afrika Mashariki hadi Ghuba. Mpiga udi hana haja ya kuonekana akisikiliza. Anafunga nyuzi, anajaribu sauti, watu wanamsahau, mazungumzo yanaendelea pembeni yake kana kwamba hayupo.

Mji wenyewe umeshatengenezewa kisa. Kisiwa kizima kina njia chache za kutokea: Makupa, Daraja la Nyali, kivuko cha Likoni, na mashua za bandari ya kale. Vichochoro vya Mji wa Kale havimwachi mtu apishane na jirani bila kusalimiana, kwa hiyo kila nyendo ina shahidi. Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyojengwa 1593 hadi 1596, iligeuzwa gereza na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 60 nyimbo za harusi za Kibokoni na Mkanyageni ziliimbwa mwendo wa dakika chache tu kutoka kwa wafungwa. Mwandishi anayetaka zaidi ya hapo anadeka.

Mlango ambao Bwana Msa hakuufungua

Tukibaki kwa Juma Bhalo na Zein tutaona nusu ya mji tu. Nusu ya pili iko upande wa wanawake, na huko mwanamume hata awe Bwana Msa hupokewa mlangoni akarudishwa.

Mombasa imekuwa na waimbaji wanawake wakubwa. Zuhura Swaleh alitamba na *Parare*, akiuchanganya mdundo wa chakacha na sauti ya taishokoto. Malika sauti yake ilivuka mipaka ya nchi. Waimbaji wa namna hii huingia kwenye kupamba, sherehe ya bibi harusi ambako buibui huvuliwa na ulimi hufunguliwa. Huonana na somo wa bibi harusi, mpishi, mpaka hina, shangazi aliyesusa. Katika chumba kimoja wamo mashahidi wote wa kesi, na washukiwa pia.

Wanawake wa Pwani wana hata utaratibu wao wa kufuatilia ukweli: kusutana. Neno likitoka, anayedhulumiwa nalo hulirudisha nyuma mdomo kwa mdomo. Nani kakwambia? Fulani. Fulani kaambiwa na nani? Husonga hivyo hadi chanzo, kisha wahusika hukusanywa uso kwa uso na mwenye kuanzisha hukabiliwa hadharani. Msomaji wa riwaya za upelelezi analijua vizuri tukio hilo. Ni ile sura ya mwisho ambamo mpelelezi huwakusanya wote ukumbini.

Usisahau leso. Barabara ya Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa chapa ya *Mali ya Abdulla*, limekuwa likiuza leso tangu 1887. Leso ina maandishi, na mwanamke anayechagua leso ya kuvaa mbele ya mke mwenza ameandika barua isiyo na sahihi. Mpelelezi wa kike aliyezoea kusoma mavazi angeanza kazi kabla ya kuvua viatu.

Kwa maoni yangu, basi, mpelelezi wa Mombasa akija awe mwanamke. Akiwa mwanamume, nusu ya mji itabaki imefungwa.

Siti na mtu aliyetoroka

Kuna atakayesema haya ni ndoto za mwandishi. Hapana. Imeshatokea kwamba mwimbaji akashika kesi ya mauaji mikononi mwake, na si riwayani.

Siti binti Saad, anayeaminika kuzaliwa Fumba, Unguja, karibu na 1880 na kufariki 1950, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri. Kikundi chake kilikwenda Bombay kwa kazi hiyo mwaka 1928. Miongoni mwa wenzake alikuwemo Mbaruk Talsam, mpiga udi na mwimbaji aliyezaliwa Mombasa. Walikuwa wakikutana nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, na habari za mji za siku hiyo zikigeuzwa nyimbo usiku.

Wimbo mmoja wao ni wa mwanamume aitwaye Kijiti. Unasimulia jinsi alivyomuua mwanamke mgeni, tena mjamzito, kisha akavuka bahari kukimbilia bara. Mashoga wa marehemu walipokwenda mahakamani kueleza waliyoyaona, wakaishia kuadhibiwa wao. Muuaji hakuguswa.

Kikundi cha Siti hakikuwa na mamlaka ya kumkamata mtu. Kiliweza jambo moja tu: kutaja jina la Kijiti, kueleza mwenendo wa kesi, na kuutia wimbo katika santuri iliyouzwa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Mtu aliyeponyoka hakimu hakuponyoka sindano ya gramafoni. Karibu karne moja baadaye jina lake bado linajulikana, na la hakimu wengi wameshalisahau.

> Mtu aliyeponyoka hakimu hakuponyoka sindano ya gramafoni.

Unguja ilitoa kisa kingine karibu na siku zetu. Mwaka 2012 zilienea habari kwamba mwimbaji Bi Kidude ametekwa, akiwa mkongwe wa umri usiojulikana. Andy Jones, mtengeneza filamu aliyekwisha kumpiga picha bibi huyo kabla, alirudi kutafuta ukweli, na filamu yake, *I Shot Bi Kidude*, ni upelelezi mtupu. Ila huko mwimbaji ndiye aliyetafutwa.

Sitara

Kama yote haya yapo, kizuizi ni nini?

Cha kwanza ni kizito, na si haki kukidharau. Kazi ya mpelelezi ni kufichua. Kazi ya mtunzi na mwimbaji wa taarab ni kusema jambo huku wakilisitiri. Mwenye kisa alikuja kwao kwa amana. Angalijua kuwa siku moja jina lake litaandikwa kitabuni, asingalifungua mdomo. Mji huu umelelewa kwenye mafundisho ya kusitiri aibu ya mwenzio na kujiepusha na ghiba, na koo za Mji wa Kale zimeoana kiasi kwamba kumfichua mmoja ni kuwavua nguo kumi. Wanaoshikilia msimamo huu wanasema: tuachieni nyimbo, msituulize za nani.

Upande wa pili una jibu, nami naliona lina nguvu. Riwaya haihitaji kisa cha kweli cha mtu wa kweli. Inahitaji namna: jinsi siri inavyopita kutoka kwa mwenye jambo hadi kwa mtunzi, hadi ukumbini. Tena mvutano wenyewe kati ya kusitiri na kufichua ndio utakaoibeba riwaya. Mpelelezi anayetoa siri bila kusita tunao tayari, wamejaa rafu za London na New York. Mwimbaji anayemjua muuaji, aliyekula kiapo cha kutotaja kisa cha mteja wake, na aliye na usiku mmoja tu wa harusi kumaliza jambo hilo kwa mafumbo, huyo hajaandikwa popote.

Kuna pingamizi jingine, linalosemwa na vijana zaidi kuliko wazee. Mombasa ina mauaji yake ya kweli. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi Agosti 2012. Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, akauawa Aprili 2014. Kuna familia za kisiwani zinazotafuta vijana wao waliochukuliwa na watu wasiojulikana. Katika mji ambao watu wamezoea kesi zisizofika mwisho, riwaya inayoahidi kwamba muuaji atajulikana ukurasa wa mwisho inaweza kuonekana mchezo wa watoto, au dhihaka.

Sidhani ni dhihaka. Kijiti naye alitoroka, na wimbo ukaimbwa. Lakini mwandishi atakayeingia humo ajue anaandikia watu gani, asije na mbwembwe za kasri na sumu kwenye chai ilhali wasomaji wake wanajua risasi inavyolia.

Marehemu ni wa nani?

Klein alimtumia Elvis kwa jina lake. Je, Mkenya anaweza kumtia Juma Bhalo, aliyefariki Aprili 2014, ndani ya riwaya ya mauaji?

Sheria haimfungi sana. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa ubunifu wa sanaa. Madai ya kuchafuliwa jina hayamfuati mtu kaburini. Penye ugumu ni kwenye maneno ya nyimbo: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Yale aliyoyatunga Bhalo mwenyewe yatalindwa hadi mwisho wa 2064, na yale ya watunzi wengine yana hesabu zao. Mwandishi atakayetaka kunukuu ubeti atabisha hodi kwa warithi.

Mahakama ya Mji wa Kale, hata hivyo, si ile ya serikali. Watoto wa wasanii hawa wanaishi papo hapo, wanaswali msikiti mmoja na wasomaji. Njia ya busara ni ya Abdulla: buni mwimbaji wako, mpe udi, mpe kikundi, mpe mtaa. Watu wa barazani watamtambua wenyewe, au watabishana, ambayo ndiyo raha yao.

Soko la shule

Kizuizi cha mwisho ni pesa, nacho hakihitaji maneno mengi. Wachapishaji wa Kenya wanaishi kwa shule. Riwaya ya Kiswahili ikiteuliwa kutahiniwa, kama *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei au *Nguu za Jadi* ya Clara Momanyi, huuzwa nchi nzima. Isipoteuliwa, hutafuta wasomaji mmoja mmoja. Kwa hiyo mwandishi huanza na maudhui ya kufundishika: ufisadi, ukabila, malezi. Maiti kwenye harusi ya Mkanyageni haionekani kuwa na swali la mtihani.

Huo ni ufinyu wa macho. Vitabu vya Bwana Msa vimesomwa na kizazi baada ya kizazi, na ndani yake mna malezi, tamaa, ushirikina na mirathi kuliko katika riwaya nyingi zinazojitangaza kuwa na dhamira.

Kesi ya kwanza iko tayari

Mwandishi anayetaka kuanza bila damu ana kesi mezani: nani alitunga *Malaika*?

Fadhili William aliurekodi wimbo huo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na jina lake ndilo lililoshikamana nao hadi alipofariki 2001. Adam Salim, Mtanzania, alisema aliutunga 1945 kwa ajili ya mchumba aliyemkosa kwa kukosa mahari. Lucas Tututu, mwanamuziki wa Pwani ya Kenya, naye ana watu wanaomtetea. Miriam Makeba aliuimba dunia nzima ikausikia, Boney M wakautoa 1981, fedha zikatembea. Wadai watatu, msichana mmoja, mahari, studio, mirabaha. Ni nani mwenye haki ya kuichunguza kesi ya wimbo kama si mwanamuziki?

Kinachonitia wasiwasi ni muda. Sauti zimehifadhiwa kwa kiasi: nyimbo za Mombasa za 1965 hadi 1975 zilitolewa Ufaransa mwaka 2005 katika mfululizo wa *Zanzibara*, na kaseti za Mbwana Radio Service, studio ya Pigott Place, bado zimo majumbani. Lakini kaseti haisemi ilirekodiwa harusi ya nani, nani alitunga, wala nani aliinuka kutuza. Wanaoyajua hayo ni wazee wa barazani na akina bibi waliokuwa mashoga wa bibi harusi, nao wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo, msomaji wa Kibokoni, Kuze, Majengo au Likoni, ukiwa na kaseti ya taarab kabatini, mwulize mzazi wako leo na uandike nyuma ya jalada: mwaka gani, mtaa upi, mtunzi nani, kikundi kipi. Majina ya wanaosemwa unaweza kuyaacha.